Jinsi Tulivyoizamisha Mwanakheri

Siku tulipoitwa vitani, mimi na mdogo wangu Shomari tulikuwa tunapasua gogo la mninga nyuma ya nyumba ya mama, Kisarawe. Mimi nilishika msumeno juu na yeye chini, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi, akilalamika kwamba kila siku wa chini ni yeye. Mama, jina lake Mwanakheri, alikuwa anakuna nazi na kutucheka. Balozi wetu wa nyumba kumi akafika na baiskeli. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka kule Kagera. Mgambo wote waripoti Kibaha kesho asubuhi, na mafundi mbao wabebe vifaa vyao.

Mama alitusindikiza mpaka kwenye lori. "Wewe ndiye mkubwa," aliniambia. "Umrudishe mwenzio."

Marehemu baba alikuwa akiunda vyombo Kisiju kabla hajahamia bara, na sisi tulijifunza kwake. Ndiyo maana tulipofika Ziwa Viktoria tulikabidhiwa mashua kuukuu ya matanga iliyokuwa ikibeba pamba. Mafuta ya injini yalikuwa adimu, upepo haukuwa na foleni. Tulibadilisha mataruma, zile mbavu za chombo, yaliyooza, tukakalafati kila mwanya kwa pamba iliyolowekwa mafuta, tukafunga bunduki ya rashasha mbele. Shomari akachonga jina la mama ubavuni. Basi Mwanakheri ikawa manowari.

Wengine walitucheka, lakini ilifanya kazi. Ilipeleka risasi na unga, ikarudi na majeruhi wamelala juu ya magunia. Siku moja ndege ilitupitia chini chini na kututoboa tanga mahali saba. Tukalishona kwa nyuzi za magunia na kesho yake tukaondoka. Miezi ile yote haikuwahi kuingiza maji ya kumtisha mtu.

Kisha tukasikia kuna mgeni mkubwa anakuja kukagua vyombo. Afisa wetu, kijana msafi wa viatu ambaye nadhani hakuwahi kupiga kasia maishani mwake, aliamuru Mwanakheri ivutwe nchi kavu, ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kijivu. Ikakaa juani siku tisa. Mgeni akaja, akaitazama kwa muda wa kuvuta sigara moja, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata afisa akataka ishuliwe majini na kupakiwa masanduku ya risasi papo hapo.

Mtoto yeyote wa Kisiju anajua jambo hili. Mbao zikikauka husinyaa, na mianya huachia. Chombo kilichokaa juani hushushwa kitupu, kikalala majini siku mbili tatu mpaka mbao zinywe na kuvimba. Ndipo kinapakiwa. Chini ya ile rangi nzuri mianya ilipitisha ukucha wangu.

"Afande," nilisema, "tuiache majini kwanza. Mbao zimekauka."

"Rangi imegharimu pesa ya serikali, wewe unataka ikavimbe majini? Pakieni."

Nikapakia. Mpaka leo mkono huu unanikasirisha.

Tulikuwa sita. Shomari alikaa katikati, juu ya masanduku, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuchota maji.

Nchi kavu ilikuwa bado inaonekana vizuri alipoanza kuchota.

"Kaka, hayapungui."

Nikachukua sufuria ya kupikia, nikachota naye. Maji yakafika vifundoni, kisha kwenye magoti.

"Tupeni masanduku!" nililia.

Nahodha wetu akageuza chombo turudi. Upepo ukaishika ubavu. Masanduku yakateleza yote upande mmoja.

Hakukuwa na adui hata mmoja. Ziwa lilikuwa limetulia.

Nilishika foromali, ule mti unaobeba tanga. Watatu tuliokolewa na wavuvi. Shomari alikuwa na buti za jeshi, mpya, zilizotolewa kwa ajili ya yule mgeni.

Taarifa iliandikwa kwamba chombo kilizamishwa na mashambulizi ya adui. Afisa akapandishwa cheo. Nilisikia hivyo tukiwa bado kambini. Mimi nilirudishwa nyumbani, na pale Kibaha mama akaitwa, akapewa blanketi na barua yenye mhuri inayosema mwanawe alikufa akipambana. Watu wakapiga makofi. Nilikaa pembeni yake na ulimi wangu mdomoni, nikiona aibu kama mwizi, na hasira ya siku ile sijaimaliza. Uongo ule ulimnyima Shomari hata haki ya kuuliwa na aliyemuua.

Tulipofika Kisarawe nilimweleza mama kila kitu: rangi, siku tisa, masanduku. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, barua mapajani.

"Ndiyo hiyo iliyokuwa na jina langu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua itaingiza maji."

"Nilijua. Nilimwambia."

"Ulimwambia mara ngapi?"

Nilimtazama mama, yule aliyeniambia nimrudishe mwenzangu. Miaka yote hii nimemlaani afisa yule, na nitamlaani mpaka nife, maana anastahili. Lakini swali la mama halikumhusu yeye.

"Mara moja," nilisema.