Kilichovunjika Ukumbini Kilikuwa Chaki

Marehemu mume wangu, Lionel Tapsell, hakuwa hawara wa Olive Gedge. Nalisema hili mapema kwa kuwa Bi. Hobday wa duka la mikate bado anaiuza hadithi hiyo pamoja na keki zake, na wateja wapya hudhani ni nyongeza ya bure. Ni kweli kwamba kila Jumanne Lionel aliingia kwa Bi. Gedge kwa mlango wa nyuma. Ni kweli pia kwamba alitoka uso umewiva, nywele timtim, akichekacheka peke yake. Yote hayo nayakubali. Sababu yake ilikuwa kamusi.

Lionel alitunga kamusi za shule. Hapa Marlingthorpe watu hudhani hiyo ni kazi ya kukaa, lakini Lionel hakuweza kueleza neno mpaka akamate kitu chenyewe. Alipokuwa kwenye maneno ya unyevu, tuliishi na taulo mbichi juu ya kila kiti. Mwaka ule, muda mfupi kabla ya vita, alifikia maneno ya vitu visivyopinda, na nyumbani hakikubaki kitu kilichonyooka.

"Adela, njoo upinde hii!"

"Ni nini?"

"Tosti ya juzi."

"Mimi nilisoma Kilatini chuoni, Lionel. Sikusomea kupinda tosti."

"Ndiyo maana nataka maoni ya msomi. Pinda, mpenzi, pinda!"

Nikapinda. Makombo yakaruka hadi kwenye picha ya baba yangu, nasi tukacheka mpaka mtumishi akaja kuchungulia.

Kiingereza chetu kina maneno matatu ambayo watoto huyachanganya, na Lionel aliyatenganisha akizunguka meza kama mtu anayecheza ngoma. "Stiff ni kola iliyotiwa wanga: inakubishia, halafu inakubali kwa kununa. Rigid ni chaki: haibishani, haikubali, inavunjika. Inflexible ni chuma cha kuchochea makaa: hakipindi, hakivunjiki, anayechoka ni wewe!"

Kilichomshinda ni mfupa wa nyangumi. Huo hupinda kidogo, kisha hurudi mahali pake kama mtu aliyetukanwa. Auweke chini ya neno gani? Na mjini kwetu mifupa hiyo ilikuwa mahali pamoja tu: kwa Olive Gedge, mshona koseti, yale mavazi ya ndani ya kubana kiuno, ambayo huwekewa mbavu za mfupa huo ili yasilegee. Bi. Gedge, mwanamke mcheshi mwenye mikono ya seremala, alimruhusu apinde mbavu hizo katika chumba cha nyuma. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nani mwingine angempigia pasi kola za kwenda nazo?

Umbeya ulimfikia Meja Stukeley, mzee wa kanisa kama Lionel. Meja alitembea kifua mbele na mgongo kama ukuta. Hakuinama kamwe. Upepo ukimpeperushia kofia, alisimama akiitazama mpaka mwingine aiokote. Akatoa hoja kwamba katika mkutano mkuu wa parokia Lionel aondolewe uzee wa kanisa kwa mwenendo mbaya. Mtu akiondolewa hivyo hapa kwetu, hata maziwa huletewa kwa kuchelewa. Jina la Tapsell lilikuwa kwenye mizani.

"Waeleze tu ulichokuwa ukifanya," nilimwambia asubuhi ya mkutano.

"Siwezi."

"Unaona haya kutamka koseti mbele ya kasisi? Basi nitatamka mimi."

"Si hilo, Adela. Nikieleza, watu watauliza nani mwingine hupita mlango ule wa nyuma." Akapaka tosti siagi mpaka ikatoboka. "Nilimwona mtu kupitia pazia. Yeye hakuniona. Nimemwahidi Bi. Gedge kwamba nitanyamaza."

"Mwanamke?"

"Nimeahidi, mpenzi."

Ukumbi ulijaa. Bi. Hobday alikuwa amewahi kiti cha mbele, na alikuja na vitambaa vyake vya kufuma ili aonekane hana habari.

"Bwana Tapsell," Meja alinguruma, "swali ni jepesi. Unafuata nini kwa yule mama?"

Lionel akatazama viatu vyake. Nikasimama.

"Anapinda koseti!"

Kasisi akapaliwa na chai.

"Zikiwa na mtu ndani?" akauliza Bi. Hobday.

"Zikiwa mezani, Bi. Hobday."

"Na amenimalizia mbavu!" Olive Gedge alipaza sauti kutoka nyuma. "Nimwombe anunue nyangumi mzima!"

Hapo kicheko kikapasuka. Lionel alipoona siri yake nusu imetoka na nusu iliyobaki ingali salama, akafufuka. Akatoa kola mfukoni, akatoa chaki, akachomoa chuma kwenye jiko la ukumbi, akaanza kueleza. Kasisi akapinda kola. Bibi mpiga kinanda akang'ang'ana na chuma mpaka kofia ikamlalia sikioni. Watu wakapokezana, wakibishana kwa furaha, "Hiyo ni stiff! Siyo, mjinga wewe, ni rigid!"

"Upuuzi mtupu!" akafoka Meja, na fimbo yake ikaipiga ile chaki mkononi mwa Lionel. Chaki ikaanguka, ikabingirika, ikatulia kwenye buti la Meja mwenyewe.

"Iokote basi, Meja," akasema Bi. Hobday kwa utamu. "Iko miguuni pako."

Ukumbi mzima ukamtazama. Meja akavuta pumzi, akaanza kuinama.

"Meja, usiiname!" Olive Gedge akapiga ukelele, kisha akajiziba mdomo.

Ta!

Vifungo viwili vya kizibao vikaruka. Tumbo la Meja likatoka kusalimia umma, jeupe, la duara, kama unga ulioumuka.

Lionel alikuwa ameshapiga magoti. Akaivunja chaki chini ya goti lake, akainua vipande viwili juu.

"Rigid!" akapaza sauti. "Mmesikia wenyewe? Haibishani, haikubali, inavunjika! Asante, Meja, kwa kunisaidia mfano."

Meja, mikono yote miwili juu ya tumbo, alimtazama. Kisha akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai.

"Naondoa hoja yangu," akasema.

Lionel alibaki mzee wa kanisa mpaka alipofariki. Ukifungua kamusi yake, mfano wa rigid ni chaki. Mfupa wa nyangumi hakuutia kabisa.

Juzi Bi. Hobday alijiegemeza kwenye meza ya duka. "Bi. Tapsell, tuko wawili tu hapa. Meja naye keshajifia. Hebu niambie, siku ile kilivunjika nini?"

"Chaki."

"Chaki hairushi vifungo, mama."

"Nipe mkate wa zabibu, tafadhali."

Mume wangu alisema ni chaki, na mume wangu ndiye aliyetunga kamusi. Zaidi ya hapo sisemi.