Kivuli Kwenye Gego la Ayan

Shamis amechoka. Usimwambie apumzike, atakujibu kwa jicho tu. Mimi Roda, ninayepokea wagonjwa kwenye kliniki yetu ya meno hapa Garissa, nadhani namjua kuliko mumewe. Asubuhi huvua viatu chini ya meza, hunywa chai ya maziwa ya ngamia bila sukari, watu humcheka, kisha huanza kuinamia vinywa vya watu mpaka mgongo ugome.

Miaka yote kazi yake ya udaktari ilikuwa kung'oa meno. Watu wetu huja shavu limefura na usingizi umewakimbia. Halafu maji ya visima vya huku huyapaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni, kwa hiyo ukichungulia kwa macho hujui doa lipi ni la maji na lipi ni la ugonjwa. Ndipo tukaletewa ile kamera nyembamba kama kalamu. Inamulika jino kwa mwanga usiodhuru: palipo pazima mwanga unapita, palipoanza kuoza panaonekana kivuli kwenye skrini, hata kama hapajatoboka. Wallahi, nilimwona Shamis akicheka peke yake.

"Roda," aliniambia, "sasa nami nitaokoa meno. Kuyazika kumetosha."

Alhamisi moja akaja Ebla, mama mmoja kutoka mji wa Hulugho, aliyefikia kwa kaka yake hapa mjini. Jino bovu lilikuwa lake. Binti yake Ayan, wa miaka saba, alikuwa mzima, amemsindikiza tu. Shamis alipomaliza na mama, yeye mwenyewe akasema, "Hebu nimwangalie na huyu." Kwenye gego la chini kikatokea kivuli, kidogo tu. Akamgeuzia mama skrini.

"Unaona, walaal, dada yangu? Ndiyo kwanza linaanza kuoza. Tukiliziba, atazeeka nalo."

Ebla akajishika mdomo. "Ya Allah! Kitu cheusi hivyo kimo kinywani mwa mwanangu?"

"Ni kivuli tu. Jino lenyewe zima."

Hapo hapo stima ikapotea. Dawa ya kuziba hukaushwa kwa taa maalumu, na jenereta yetu, aa, msiniulize. Shamis akamwambia arudi Jumatatu, asiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwa na foleni inanipigia kelele mlangoni, sikuongeza neno.

Jumatatu Ebla alifika hata hatujafagia, uso umejaa furaha. Ayan alikuwa amefungwa kitambaa shavuni. Mama akafungua karatasi juu ya meza. Ndani mlikuwa na gego na mizizi yake yote.

"Nimekupunguzia kazi, Shamis. Ningelalaje na mtoto ana kile kitu? Kuna mzee sokoni ana koleo, amelitoa. Mungu akubariki, bila mashine yako nisingejua."

Shamis akalichukua, akalimulika kwa kamera. Kivuli kilikuwa pale pale, kama punje ya simsim. Nilikasirika mimi! Nilitaka kumfokea yule mama, na mzee wa koleo, na watu wa stima wote. Lakini utamfokeaje mtu aliyekuamini? Alituamini mno, na hilo ndilo lililoniuma.

"Si uliambiwa uje Jumatatu?" nikamwambia.

"Na si nimekuja?"

Shamis akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. "Nimechoka, Roda," akasema. Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo.

Ayan akatusogelea, akafungua kitambaa. Akatuonyesha pengo la mbele, jino jipya likichungulia kwenye ufizi.

"Hili lilitoka, na sasa linaota," akasema, huku anagusa shavu lililovimba. "Na hili la huku litaota lini?"

"Hilo halioti tena, hooyo, mama yangu," Shamis akamjibu polepole. "Halikuwa la utoto."

Ebla akabaki anamtazama Shamis, bado anatabasamu, akingoja amalizie.