Vijiti vya Waridi vya Jenista

Mwaka 1949 Jenista alikuwa akifua nguo katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja huko Mbozi, na alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, la. Ule wa kulala nao na kuamka nao. Mumewe Enoka alikwenda migodini ng'ambo ya Tunduma akakaa miaka sita, na kilichorudi ni barua ya kusema amekufa, amezikwa huko huko. Kaburi la kutazama hawakuwa nalo. Mama mkwe wake, bibi Tupokigwe, aliomba kitu kimoja tu: mti wa maua mlangoni, uwe wa Enoka.

Basi Asajile, mtunza bustani wa yule Mzungu, alipopogoa mawaridi, Jenista akaomba vijiti. Akavikata chini ya jicho, pale chipukizi linapotokea, kama alivyoelekezwa, akavichomeka kwenye makopo ya udongo wenye mchanga, akaviwekea kivuli cha majani ya mgomba, akavinyweshea kidogo kidogo. Vikafa. Akaomba vingine, navyo vikafa. Asajile akamcheka, eti ana mkono mzito. Mkono mzito! Ungemwona anavyofua mashuka ya watu kutwa nzima, kisha ashuke mtoni kuteka maji ya vijiti, usingetia neno.

Mara ya tatu vilikuwa kumi, kila kimoja na kopo lake, na Asajile akaonya kwamba hatapogoa tena hadi mwaka ujao. Wiki ya nne Jenista alirudi mapema, mgongo unamuuma, akamkuta bibi amechuchumaa, amechomoa kijiti anakigeuzageuza. Kilikuwa kimeanza kutoa mizizi myembamba myeupe, nayo imekatika.

Hasira zikampanda. Akauliza kwa nini.

"Enoka nilimwacha miaka sita bila kumtazama, mwanangu," bibi akasema. "Na hiki nacho nikiache tu?"

 Jioni ile Jenista akahamishia makopo tisa kwa jirani yake Loisi. Lile la kumi akamwachia bibi, achomoe atakavyo.

Akapata nafuu? Wapi. Siku ya tatu, kabla ya kwenda kazini, alipita kwa Loisi kunyweshea. Loisi alipotoka na ndoo alimkuta amepiga magoti mbele ya makopo, kijiti mkononi, analia. Tangu barua ile ifike hakuwa amelia. Naye alikuwa amekichomoa, atazame.