Zepole za Mtakatifu Yosefu na Mafuta ya Sangara

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka basi, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu ni mimi, Masanja, niliyewaita korongo kwenye sikukuu ya parokia, mbele ya paroko, kwaya na nusu ya mtaa wetu wa Igogo.

Shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa kuhamahama: nimevua dagaa, nimefyatua matofali Buhongwa, nimekuwa utingo, na kote nilikuwa naondoka mwenyewe kabla sijafukuzwa. Ila jikoni kwa masista nilipapenda. Nilikwenda kuzibua sinki, nikamkuta Sista Rosalba, bibi wa Kiitaliano aliyezeekea hapahapa Mwanza, anahangaika na unga huku mikono inamtetemeka. Nikamuuliza ni nini (kuuliza kwangu ni ugonjwa), akasema ni zepole, maandazi ya kwao ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na hajazionja tangu mama yake afariki.

"Sista, nifundishe," nikamwambia. "Mikono ninayo mimi."

Akanifundisha: unachemsha maji na siagi, unamwaga unga wote kwa mkupuo, unasonga kama ugali (hapo nilijiona profesa), unapiga mayai ndani, unakamua pete, unakaanga, kisha juu unaweka krimu ya maziwa. Mama Kulwa, mpishi mkuu, alikuwa ananitazama tu.

"We Masanja, zikikubali, utabaki hapa unisaidie. Zikikataa, sinki limeshazibuka, njia unaijua."

Sasa, Sista alisema kwao hukaangia mafuta ya nguruwe. Hapo kichwa changu kikaanza kazi ambayo hakikutumwa. Nikawaza, hii ni Kwaresima, nguruwe ni nyama, samaki anaruhusiwa, basi kwa nini nimtie bibi wa watu dhambini wakati mafuta ya sangara yamejaa mwaloni, kwenye soko la samaki, tena ndiyo tuliyokulia? Sikumuuliza mtu. (Mimi, ninayeuliza kila kitu!)

Siku ya sikukuu, zikiwa za moto, zilinukia vanila na maganda ya chungwa. Harufu nyingine sikuisikia, maana pua iliyolalia magunia ya dagaa haishtuki kitu. Nikazipanga uani, mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, wakati misa inaendelea. Zikapoa. Na zilipopoa, sangara akafufuka.

Watu wametoka, paroko amenyanyua mkono abariki meza, ndipo akatua korongo, yule ndege mwenye upara anayeshinda jalalani kungoja matumbo ya samaki, akatembea taratibu kama mzee wa kanisa, akabeba zepole moja, akaimeza na krimu yake. Wakashuka wenzake. Nikarusha ufagio, nikamkosa korongo, nikalipata bakuli la krimu, krimu yote ikaishia kwenye kitenge cha Mama Kulwa.

"Mayu!" akamaka kwa Kisukuma, akashika zepole, akainusa. "Masanja! Umekaangia nini hizi?"

"Sangara, mama. Kwa ajili ya Kwaresima."

Paroko akashusha mkono. Halafu sauti nzito ikatoka kwenye kwaya: "Basi leteni na ugali!"

Walicheka mpaka paroko akakaa chini. Mimi nikaanza kuelekea getini, kama kawaida yangu, niondoke kabla sijafukuzwa.

"Masanja, rudi." Alikuwa Sista. Ameshaing'ata moja, macho yamejaa machozi, nikajua nimemuua. "Sikukuu kubwa kama hii, mwanangu, hata Kwaresima inapumzika. Ungeuliza." Akatafuna tena, taratibu. "Inanuka ziwa. Lakini huu unga, mwepesi hivi, una uwazi ndani... ni wa mama yangu kabisa." Akamgeukia Mama Kulwa. "Na kwetu, meza ya Yosefu wapita njia ndio hula kwanza. Mwaka huu wamekuja na mabawa."

Mama Kulwa akajifuta krimu, akalamba kidole, akafikiri.

"Kesho uje mapema, tukaange upya. Kwa alizeti. Na dumu la mafuta nalishika mimi."

Nipo jikoni mpaka leo, na nimeapa sitabadilisha hata chumvi bila kuuliza. Yuko korongo mmoja hutua ukutani kila nikibandika karai, ananitazama kama mtu aliyeahidiwa kitu. Namwambia, nenda mwaloni, kaka. Mimi siendi tena.