Mlango Nilioutoboa Jikoni

Nakumbuka, mwanangu, jioni ile bakuli langu liliporudi kutoka kwa wazee likiwa limejaa vilevile, kitambaa hakijafunuliwa. Nyoka nimewahi kumuua kwa mwiko, lakini bakuli lile lilinishinda. Nimelikumbuka kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu ramani ya nyumba unayotaka kujenga, jiko na sebule kitu kimoja, hakuna ukuta katikati, ukaona nimekunja uso. Ukadhani mama wa kizamani amechukia. Wala. Kuna kitu nilikuwa nakitafuta kwenye ramani ile, sikukiona.

Mimi ni mtu wa kushuku, na najua mnanisema kwa hilo. Mkicheka huko nje nahisi mnanicheka mimi, na mara nyingi huwa kweli. Lakini sikuzaliwa hivi. Tabia ya kushuku nilipewa na nyumba.

Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda Mbinga na magari yao, na kila mwenye shamba la kahawa akajiona bosi. Marehemu baba yako naye, ingawa bado alilima shamba la baba yake, akajenga. Matofali ya kuchoma, mabati, sakafu ya saruji. Fundi aliyetoka Songea akamwambia watu wa kisasa hawapiki uani, basi jiko likaingizwa ndani, likatengwa na sebule kwa ukuta, na mlango ukawa mmoja tu, unaotokea sebuleni. Ukitaka kufika jikoni sharti upite katikati ya makochi yenye vitambaa vyeupe.

Kabla ya hapo nilipika kwenye kibanda cha nyuma, na mama mkwe aliingia humo bila hodi. Alifunua sufuria, akaonja chumvi, akakaa kwenye kigoda kulalamikia magoti yake. Mimi nimezaliwa Mbaha, huko ziwani, na kwetu mtu akikufunulia chungu bila kukuuliza anatafuta ugomvi. Kwa hiyo nilipopata jiko la ndani nilifurahi, sikufichi. Mama mkwe alikuja mara moja, akasimama mlangoni pa sebule, akatazama miguu yake yenye udongo, akatazama sakafu, akaondoka. Hakurudi tena.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Unajua sengu ya huku Umatengoni, wewe umeikuta ikiwa imechoka, lakini wakati ule ilikuwa na nguvu. Jioni wanaume wa ukoo walikutana kwa babu yako, kila nyumba ikapeleka chakula, wakala pamoja na kumaliza mambo yao hapohapo. Mwaka ule jambo kubwa lilikuwa kumkatia baba yako kipande chake cha ntambo, ule mlima wa ukoo, alime ngolo zake, yale mashimo ya kilimo cha huku mlimani, na kupanda kahawa yake. Bila kipande kile tulikuwa na nyumba nzuri juu ya tumbo tupu.

Na tupu lilikuwa kweli. Mabati na saruji vilikuwa vimekomba kila kitu. Mimi na baba yako tulikula majani ya maboga yasiyo na mafuta. Maharage kidogo tuliyokuwa nayo nilipika ya kupeleka sengu tu, ili asiaibike mbele ya wenzake. Kaka yangu alipopanda kutoka ziwani aliniachia usipa wa kukaushwa, wale dagaa wa kwetu, nami nikawa natia kiganja kimoja kwenye mboga ipate ladha. Ila harufu ya usipa haina adabu. Ilipita sebuleni, ikatoka dirishani, ikakutana na wapita njia.

Basi maneno yakawa kwamba tunakula samaki kwa kujifungia, halafu wazee tunawapelekea masazo. Nikipita kisimani wanawake wananyamaza. Nikisalimia, naitikiwa nusu. Nami nikaanza kuwashuku wao: nani anasikiliza dirishani, nani kamtuma mtoto kuomba moto wakati kwao moto unawaka. Hata baba yako nilimshuku, nikadhani huko sengu anakula vizuri na kunisema. Naye, kumbe, alinishuku mimi kwamba nakula usipa wote akiwa shambani. Nyumba mpya, na kila mmoja anahesabu matonge ya mwenzake!

Ndipo bakuli likarudi. Baba yako aliliweka mezani, akakaa, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee amesema hawezi kumpa mtu ardhi ya ukoo wakati hajui anakula nini." Nililia, mwanangu. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, maana chakula kile tulikuwa tumejinyima sisi.

Asubuhi baba yako alipokwenda shambani nilichukua mtaimbo, nikautoboa ukuta wa jiko upande wa nyuma, unaotazama kwa mama mkwe. Plasta yake ilikuwa bado mpya. Aliporudi akakuta shimo la kupita mtu na mimi nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Akaniuliza, "Unatoroka, au kuna mtu unataka awe anaingia?"

"Yupo," nikamjibu. "Mama yako."

Nikaenda kwake. Nilipiga magoti. "Shikamoo mama. Jiko lina mlango."

"Marahaba," akasema, akaendelea na kazi yake. Nikarudi, nikaweka sufuria motoni na kungoja, nikijua hatakuja.

Alikuja. Aliingia kwenye lile shimo bila hodi, akakanyaga matofali yaliyovunjika, akafunua sufuria ya kwanza. Majani ya maboga. Akafunua ya pili. Maharage, ya kutosha bakuli moja. Akainua kila chungu, akatazama nyuma ya kuni, akanusa kile kiganja cha usipa kilichobaki kwenye karatasi. Alitafuta sana yule mama, alitafuta kama polisi. Kisha akakaa chini, kwenye vumbi, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kumbe mnakula vibaya kuliko sisi," akasema. "Kwa nini mlijifungia?"

Akanyanyuka, akaenda kwake, akarudi na kikapu cha maharage na chupa ya mafuta. Jioni ile bakuli langu alilipeleka mwenyewe, na lilirudi tupu. Kahawa iliyokusomesha imetoka kwenye kipande tulichopewa baada ya hapo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukuta kati ya jiko na sebule ujenge au usijenge, hilo mkubaliane na mwenzio. Nilichokitafuta kwenye ramani yako ni mlango wa jikoni wa kutokea nje, na haupo. Uweke. Uwe mpana, na usiwe na kufuli mchana. Ndugu yako akiweza kufunua sufuria yako hatakuwa na haja ya kukisia kilichomo, nawe hutakuwa na haja ya kujua anakisia nini. Siku ukiwa na nyama ataiona, muile pamoja. Siku ukiwa huna, ataona pia, na siku hiyo ndiyo utakayomhitaji.

Mungu aijaze sufuria yako, mwanangu, na ikipungua asikose kukuletea mtu wa kuifunua. Nami nikija sitapiga hodi.