Nilipoitwa Mbele ya Mahakama ya Darasa la Sita

Nilikuwa nimechoka kufundisha mihimili ya dola kwa kuimbisha: Bunge, Serikali, Mahakama, kisha kengele inalia na hakuna aliyeelewa kitu. Mwaka ule, hapa Rahaleo, kusini mwa nchi, nikaligawa darasa langu la sita. Wanafunzi kumi wakawa Bunge, watatu Mahakama. Serikali nikawa mimi, nani mwingine?

Bunge likatunga sheria ya safari yetu ya kwenda kuona bandari: atakayechelewa mara tatu bila sababu, haendi. Niliisifu sana. Haukupita muda, msichana mmoja ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya mto Ruvuma akachelewa mara ya tatu. Hasira zikanipanda, nikamfuta kwenye orodha mbele ya wenzake. Muhula mzima alikuwa akiulizia hizo meli.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba niende mahakamani."

Darasa likacheka. Nikasema Serikali imeshaamua, yameisha. Hapo akasimama hakimu mkuu, binti wa Kimakonde, mdogo kuliko wote darasani.

"Samahani, mwalimu. Kwetu sisi, baba hamwozi dada mpaka mjomba akubali. Na wewe ngoja kwanza."

Mimi ni mzaliwa wa Kilimanjaro. Nyumbani kwetu neno la baba halikuwa na rufaa. Miaka yote nilibeba mihimili ile kutoka kitabuni kana kwamba nawaletea watu kitu wasichokijua, kumbe wenzangu wa huku, ambao kwao hata baba ana wa kumzuia, wanalala nacho na kuamka nacho. Nikaenda kukaa kwenye dawati la mbele, magoti yakigonga ubao, mtu mzima mzima.

Mahakimu wakanong'onezana. Kisha yule mdogo akanigeukia.

"Sheria inasema bila sababu. Ulimuuliza sababu?"

Mkuki kwa nguruwe! Sheria niliyoisifu sasa ilikuwa inanihoji mimi. Sikuwa nimemuuliza, si mara ya kwanza, si ya pili, si ya tatu. Nikakiri hivyo.

"Basi muulize."

Nikamuuliza. Akasema mama yake amejifungua, na maji ya nyumbani anayateka yeye kabla ya kuja shule.

Mahakama ikaniamuru nirudishe jina lake, nikalirudisha pale pale. Nilikuwa nimemfundisha mtoto yule tangu Januari, na hilo ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza lisilotoka kitabuni.