Swali la Wino wa Kijani

Harufu ninayoikumbuka ni ya zulia lililooshwa kwa sabuni ya limau, kahawa ya Wazungu iliyochacha kwenye birika tangu asubuhi, na tangawizi ya chai yetu ikizishinda zote mbili. Ukumbi haukuwa wetu. Kanisa moja la Arlington, karibu na Dallas, Marekani, lilituazima kila Jumapili kuanzia saa nane mchana, wenyeji wakishamaliza ibada na kwenda kula, nasi tukaingia na sufuria zetu, watoto wetu na kelele zetu. Tulikuwa Wakenya wengi, Watanzania wachache na familia mbili za Kongo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi. Watoto wenzangu wote walijibu wazazi wao kwa Kiingereza. Mimi sikuthubutu. Baba alinikalisha mezani kila Jumamosi na kuninakilisha mistari ya Biblia kwa Kiswahili, kwa kalamu ya wino wa kijani aliyoninunulia mwenyewe, na nikikosea herufi moja tu nilianza upya. Nilipewa jina la mama yake, Mumbua, kama desturi ya Wakamba ilivyo, kwa hiyo hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Mama. "Mama, leo umeniandikia nini?" alikuwa akisema akiingia kutoka kazini kwenye ghala, akijifanya ananiogopa, nami nikijifanya mkali.

Kilichotupeleka mapema kanisani, tuseme ukweli, hayakuwa mahubiri bali sanduku. Lilikuwa boksi la viatu lililofunikwa kwa karatasi ya zawadi ya Krismasi, likatobolewa mdomo juu. Mtu mwenye swali la maisha aliliandika kwenye karatasi bila jina, akalitumbukiza, na baada ya mahubiri Mzee Filemoni alilifungua na kujibu kwa Neno. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kitui aliyewafuata watoto wake Marekani, na Biblia aliijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Je, ni dhambi kucheza bahati nasibu kama utatoa sadaka ukishinda? Kufanya kazi Jumapili je? Kuendesha gari kwa leseni ya ndugu yako mnayefanana naye? Kila swali lilianza na "mtu fulani". "Haya, mtu fulani wa bia amerudi tena," Mzee alikuwa akisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko huku bwana mmoja akiinama kufunga kamba za viatu. Lakini baada ya kicheko alijibu kwa upole, na watu walirudi nyumbani wepesi. Nami niliamini, haki ya Mungu, kwamba hakuna jambo duniani ambalo sanduku lile lingeshindwa kulijibu.

Jumatano moja nilikuwa nyumbani na mama nikifanya kazi ya shule, ndugu yangu mdogo amelala, simu ikalia. Alikuwa baba mdogo, kutoka Machakos. Sauti yake ilikuwa kubwa hata nami niliisikia. "Shemeji," alisema, "keti kwanza." Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa mwenye kufiwa moja kwa moja. Hupewa mtu wa karibu, naye hukusanya watu waende pamoja wakamketishe, wamshike mikono, ndipo aambiwe. Baba mdogo alifanya ilivyo desturi. Nyanya Mumbua alikuwa amefariki asubuhi ile. Mama alipaswa kukata simu na kuwaita watu wa kanisa. Badala yake nikamsikia akisema kwamba baba ameshapata habari kwa mtu mwingine, amelia mpaka hawezi kusema na mtu, karatasi zake hazimruhusu kusafiri, basi wamzike mama bila yeye. Alipoweka simu chini aliutoa waya ukutani na kuniambia nikiulizwa niseme laini imeharibika.

Nisimwonee mama yangu. Visa ya baba ilikuwa imeisha miaka mingi, na mtu wa namna hiyo akitoka Marekani harudi. Tena baba alikuwa ameapa mbele yetu sote kwamba siku mama yake akifa atamzika kwa mikono yake, maana yeye ndiye kifungua mimba, na udongo wa kwanza ni wake. Mama aliona mambo mawili tu: amwambie, aende, tubaki watatu bila yeye, au afiche mpaka kaburi lifunikwe, asiwe na la kukimbilia. Akachagua. Siku zile zote alimpikia baba vyakula anavyopenda, ndengu, chapati, hata mtama alioutafuta Dallas nzima, na baba akacheka, "Leo nimekuwa nani?" Mimi nilikula nikitazama sahani. Nilimchukia mama na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nyanya alizikwa. Alasiri ile, baba akiwa kazini, mama aliniita mezani. Uso wake ulikuwa umeisha. Alitaka kumuuliza Mzee Filemoni lakini hakuweza kumwendea, kwa sababu mke wa Mzee angejua, na akijua yeye Arlington yote imejua kabla ya Jumatatu. Mwandiko wake mwenyewe ulifahamika na kila mtu, maana ndiye aliyeandika zamu za chai. "Andika wewe," aliniambia, "Mzee hujisomea mwenyewe, hataujua mkono wa mtoto." Akasema, nikaandika kwa kalamu yangu ya kijani, kwa herufi nzuri nilizofundishwa: Mtu fulani amefiwa na mama yake na hajui. Mke wake alimficha asisafiri, kwa sababu akitoka hatarudi kwa watoto wake. Sasa mama ameshazikwa. Je, mke ametenda dhambi? Aseme, au anyamaze?

Jumapili Mzee Filemoni alifika jicho moja limefungwa bandeji. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na jicho lililobaki halikuona chochote cha maana. "Ndugu Stefano," akamwita baba yangu, "wewe una sauti nzuri, njoo unisomee." Mama alikuwa jikoni akimimina chai kwenye chupa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na watoto, hatua sita kutoka kwenye sanduku. Ningeweza kulia, kutapika, kupiga teke boksi lile. Nilijiambia karatasi ni nyingi, muda utaisha kabla yangu haijafikiwa. Baba alisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofungua ya nne akatabasamu, akanitafuta kwa macho. "Jamani," akawaambia watu, "leo hata mama yangu ameuliza swali!" Watu wakacheka, nami wakanipungia mikono. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake nzuri, akasoma mpaka mwisho, kwa sababu ulimi ulikuwa umetangulia mbele ya akili. Kisha akageuza karatasi nyuma, kana kwamba kuna kilichobaki.

Mzee hakumwona uso. Majaliwa gani hayo! Akajibu kama kawaida yake. Alisema wakunga wa Misri walimdanganya Farao ili watoto waishi, na Mungu akawatendea mema. Alisema watumishi wa Daudi nao waliogopa kumwambia kwamba mtoto wake amekufa. Mwanamke huyu, alisema, alikuwa akiwalinda watoto wake. Atubu, atafute saa njema, aseme kwa upole. Wengine walikuwa wakimtazama baba. "Na huyo mtu je, Mzee?" baba akauliza. "Aliyefiwa. Neno linamwambia nini yeye?" Mzee Filemoni akageuza kichwa kuelekea ile sauti, akafungua mdomo. Mama akatokea jikoni na chupa ya chai mkononi, akaona karatasi, na Mzee alikuwa bado hajasema kitu.

Baba hakugombana na mtu. Nyumbani aliniuliza jambo moja tu: "Ulijua siku ngapi?" Nikamwambia kumi na moja. Akaitikia kwa kichwa. Wiki mbili baadaye alisafiri kwenda kuliona kaburi alilokuwa amechelewa kulifukia. Mama alimpigia magoti mlangoni, ndugu yangu akimshika mguu wa suruali, naye akajitoa taratibu, kidole kwa kidole. Aliniaga kwa jina langu. Hakuniita Mama tena, wala siku ile wala kwenye simu za Jumapili alizotupigia miaka yote iliyofuata. Mlango wa Marekani ulifungwa nyuma yake kama mama alivyosema utafungwa. Alichokiogopa mama kilimpata chote, na juu yake akabeba ule uongo.

Siku hizi naishi Stafford, huku Houston, na mama naishi naye. Moyo wake umechoka. Daktari ametuonya asishtuliwe. Makanisa yetu sasa yana majengo yake na vipaza sauti vikubwa, ila sanduku sijaliona popote, na Mzee Filemoni alikufa zamani. Mwezi uliopita, nikiwa kwenye maegesho ya kazini, baba mdogo alinipigia. Sauti imezeeka lakini maneno ni yale yale. "Mumbua, keti kwanza." Nilikaa ndani ya gari nikamlilia baba yangu, nikapangusa uso, nikaingia kazini. Sikumzika mimi pia. Nimeisoma Biblia tangu hapo, nimewarudia wakunga na watumishi wa Daudi, na sijapata faraja hata ya kujaza kijiko. Kila Jumapili mama huketi karibu na simu, amevaa gauni lake zuri, na kuniuliza mbona baba yako hapigi. Namwambia mtandao wa kule ni mbaya. Kisha nampikia ndengu, kwa sababu anazipenda, naye anacheka na kuniuliza leo amekuwa nani. Mama yangu alifika siku kumi na moja. Mimi leo ni ya ishirini na nne.